Kujifunza Kupiga Gitaa Bila Mwalimu

Anayejifunza gitaa peke yake hakosi vidole, hakosi nyimbo za kuigiza, wala siku hizi hakosi masomo ya video kwenye simu yake. Anachokosa ni mtu wa kukaa mbele yake na kumwambia, "Uzi wa tatu haulii, rudia." Kosa ambalo mwalimu angelikamata siku ya kwanza hukaa vidoleni kwa miezi sita na kugeuka mazoea, na mazoea ya vidole ni magumu kuyang'oa. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: kila zoezi lifanywe kwa namna ambayo sikio lako litalinasa kosa papo hapo, kabla halijazoeleka.

Tuanze na chombo chenyewe. Gitaa lisilotumia umeme huwa na nyuzi za nailoni au nyuzi za chuma. Za nailoni ni laini kwa vidole vichanga, ilhali za chuma zina mlio mkali na huumiza zaidi wiki za mwanzo. Chagua zozote, ila usizichanganye. Gitaa langu la kwanza nililiazima. Lilikuwa la nailoni, nami nikalifunga nyuzi za chuma kwa sababu niliupenda mlio wake. Siku ya nne daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi chini ya tundu, lilibanduka pamoja na nyuzi zote sita. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu nyingi zaidi, na gitaa la nailoni halikujengwa kuuhimili mvuto huo. Nililipa gharama za fundi, na kwa majuma kadhaa sikuwa na cha kujifunzia.

Unaponunua, hasa gitaa lililokwisha kutumika, litazame shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani, kama seremala anavyokagua ubao. Kisha hesabu vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ambavyo wapigaji huviita freti, hadi ufike cha 12. Hapo uzi usiwe umepanda juu ya freti zaidi ya milimita 3 hivi kwa gitaa la chuma, au 4 kwa la nailoni. Ukipanda zaidi, utapigana na nyuzi badala ya kujifunza, na utadhani tatizo ni vidole vyako. Freti hiyo ya 12 iko nusu kamili ya urefu wa uzi, kwa hiyo uzi unapobanwa hapo unapaswa kutoa sauti ileile ya uzi ulio wazi, yaani usiobanwa popote, ila ya juu zaidi kwa oktavu moja. Ikiwa sikio lako linaona zimeachana, gitaa hilo halitalingana hata ulikaze vipi, liache dukani.

Sasa majina, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, ulio karibu na sakafu unapolishika gitaa: huo ni uzi wa 1, na ule mnene ulio karibu na kidevu chako ni wa 6. Mtu akikwambia "uzi wa juu," muulize ana maana gani, kwa sababu uzi wenye sauti ya juu ndio ulio chini kwa mahali. Michoro ya mistari sita inayoonyesha mahali pa kubana hufuata sauti: mstari wa juu kabisa kwenye karatasi ni uzi wa 1. Kuanzia uzi wa 6 hadi wa 1, sauti zake zikiwa wazi hutajwa kwa herufi: E, A, D, G, B na E.

Kuzilinganisha nyuzi, au kutuni kama wanamuziki wanavyosema, ndilo somo la kwanza la sikio, nami nakusihi usilikabidhi lote kwa simu. Itumie programu ya simu kupata uzi wa 6 tu. Kisha bana uzi huo kwenye freti ya 5: inayotoka ni A, sauti ileile ya uzi wa 5 ulio wazi. Bana uzi wa 5 kwenye freti ya 5 upate D ya uzi wa 4, na uzi wa 4 kwenye freti ya 5 upate G ya uzi wa 3. Kutoka uzi wa 3 kwenda wa 2 unabana freti ya 4, si ya 5. Baada ya hapo unarudi freti ya 5 kwenye uzi wa 2 ili kupata E ya uzi wa 1.

Piga nyuzi hizo mbilimbili kwa pamoja na uziache zilie. Zikiwa zimekaribiana bila kulingana, utaisikia sauti ikiyumba, ikivimba na kunywea, ikivimba na kunywea. Uzi mmoja ukitetema mara 110 kwa sekunde na mwenzake mara 108, utasikia mivimbo 2 kila sekunde. Kaza taratibu: myumbo utapungua kasi, utarefuka kama pumzi ya mtu aliyelala, mwishowe utatulia kabisa. Hapo nyuzi zimepatana. Ukipitiliza, usishuke moja kwa moja hadi kwenye sauti unayoitaka. Legeza uzi chini yake, kisha upande tena, maana meno ya ufunguo unaokazia uzi yana ulegevu kidogo na uzi uliomalizwa kwa kulegezwa hushuka wenyewe wimbo ukiwa katikati. Zoezi hili litakuchukua robo saa siku za mwanzo na dakika moja baadaye. Lifanye kila unaposhika gitaa.

Kwa kukaa, chagua kiti kisicho na mikono, uliweke gitaa juu ya paja la kulia, mgongo umenyooka. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kikae nyuma ya shingo, na kucha za mkono huo ziwe fupi kabisa. Atumiaye mkono wa kushoto atageuza yote haya, lakini nyuzi nazo zipangwe upya kwa ajili yake.

Kabla ya kordi yoyote, yaani sauti kadhaa zinazolizwa pamoja, jifunze kubana uzi mmoja. Weka kidole cha shahada kwenye uzi wa 2, katikati ya nafasi ya kwanza, ubonyeze kwa wastani na uupige uzi. Huenda ukakwaruza au usilie kabisa. Sasa kisogeze kidole mpaka kikaribie ukingo wa freti bila kuipanda, nguvu ikiwa ileile, uupige tena: sauti inatoka safi. Endelea kuupiga huku ukilegeza kidole kidogo kidogo hadi mkwaruzo uanze. Nguvu iliyokuwapo punde kabla ya mkwaruzo huo ndiyo yote unayoihitaji. Iliyozidi ni uchovu wa bure wa kiganja.

Kordi za kuanzia ziwe nne, na herufi ndogo "m" katika jina la kordi humaanisha "minor", ile yenye mlio wa huzuni. Em: kidole cha kati uzi wa 5 na cha pete uzi wa 4, vyote freti ya 2. Am: shahada uzi wa 2 freti ya 1, kati uzi wa 4 freti ya 2, pete uzi wa 3 freti ya 2. C: shahada uzi wa 2 freti ya 1, kati uzi wa 4 freti ya 2, pete uzi wa 5 freti ya 3. G: shahada uzi wa 5 freti ya 2, kati uzi wa 6 freti ya 3, pete uzi wa 1 freti ya 3. Kila unapounda kordi, usiikwaruze yote kwanza. Piga uzi mmoja mmoja, na ule ulio bubu utafutie sababu: mara nyingi ni kidole cha jirani kilicholala badala ya kusimama kwa ncha.

Ila kuijua kordi siyo kazi kubwa. Wimbo huvunjikia njiani kati ya kordi na kordi, na njia hiyo ndiyo ya kufanyia mazoezi. Chukua Am na C. Vitazame vidole vyako: shahada na cha kati havihami kabisa, ni cha pete pekee kinachotoka uzi wa 3 kwenda uzi wa 5. Anayevinyanyua vyote vitatu na kuvipanga upya anajichosha bila sababu. Tega saa ya simu dakika moja, badilisha huku na huku, uhesabu tu yale mabadiliko ambayo nyuzi zote zimelia. Andika idadi. Kesho rudia. C na G itakuwa ngumu zaidi kwa sababu vidole vyote vinahama, nayo inahitaji siku nyingi zaidi, ipe.

Mkono wa kulia ni mtunza mapigo. Uchezeshe kama unavyopepea jiko la mkaa, juu na chini bila kukatika, hata pale usipogusa nyuzi. Anza kwa kukwaruza kushuka tu, mapigo 60 kwa dakika, ukihesabu hadi nne kwa sauti na mguu ukigonga sakafu. Ikiwa kordi haijawa tayari pigo la kwanza likifika, usiusimamishe mkono kuisubiri. Piga nyuzi zilivyo na uiwahi kordi pigo linalofuata. Ukiuzoesha mkono kusimama, utasimama hata mbele ya watu.

Mapigo yakishatulia, hamia kwenye namna ya upigaji iliyo karibu nasi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, nchini Kongo, mji ambao leo huitwa Likasi. Mwenda aliimba kwa Kiswahili, na gitaa lake moja lilisikika kama mawili, kazi yote ikifanywa na kidole gumba na cha shahada. Msingi wake mwanafunzi anaweza kuugusa mapema. Shika C. Gumba lipige uzi wa 5, shahada uzi wa 2, gumba uzi wa 4, shahada uzi wa 1, kisha urudie bila kuharakisha. Gumba lisiyumbe. Ukiweza kuzungumza na mtu huku gumba likiendelea, umelipata.

Ncha za vidole zitauma kwa majuma mawili matatu mpaka ziote sugu, na maumivu hayo ni ya kawaida. Maumivu ya kiwiko au ya kiganja si ya kawaida: weka gitaa chini, upumzike, ukague mkao wako. Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi. Kila mwisho wa juma jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake, kwa kuwa unapopiga sikio huwa limeshughulika kusaidia vidole na halisikii yote. Ukiishi pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Hewa ya chumvi huzila nyuzi za chuma haraka. Wala usiliache gitaa ndani ya gari juani, kwani joto hulainisha gundi.

Hatua inayofuata ni F, kordi inayowakatisha tamaa wengi. Anza na ndogo: shahada ilale juu ya nyuzi za 1 na 2 kwenye freti ya 1, kati uzi wa 3 freti ya 2, pete uzi wa 4 freti ya 3, nyuzi mbili nene zisipigwe. Ukiwa na C, F na G unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za kanisani, za shuleni na za dansi la zamani. Ukifika hapo, mtafute mwenzako mwenye gitaa. Mmoja ashike rizimu ya kordi hizo tatu bila kubadilika, mwingine atafute wimbo sauti moja moja kwenye nyuzi nyembamba, na baada ya muda mbadilishane.