Kabla Hujafungua Drili ya Betri Iliyokufa

Kabla hujashika bisibisi, chukua betri nyingine unayojua kwa hakika kuwa ni nzima, ichomeke kwenye zana na ubonyeze swichi. Zana kadhaa nilizoletewa nikiambiwa kuwa bodi imeungua hazikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa betri iliyochoka, au ncha za kupokelea umeme zilizoshika kutu na vumbi.

Betri yenyewe ipime ikiwa kazini, si ikiwa imelala mezani. Betri ya volti 18 ina makundi matano ya seli za lithiamu yaliyounganishwa kwa mfululizo, kila kundi likifikia volti 4.2 linapojaa, kwa hiyo betri iliyojaa husoma karibu volti 21. Usomaji huo peke yake hauthibitishi chochote, kwa sababu seli iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika na kuporomoka mara tu mota inapoanza kuvuta ampea za kutosha. Ukilazimika kufungua betri, pima kila kundi peke yake na utafute lile lililoachwa nyuma na wenzake. Kundi lililoshuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo kwa muda mrefu usilifufue kwa kulichaji kwa nguvu, maana shaba iliyomo ndani ya seli huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena huganda mahali isipopaswa kuwa na kusababisha shoti ya ndani kwa ndani.

Chaja ikikataa betri yenye volti nzuri, angalia kihisi cha joto kilichomo ndani ya betri hiyo pamoja na waya wake.

Piga picha kabla ya kutoa skrubu ya kwanza na kila unapoinua kitu. Hakikisha waya mwekundu wa malti mita, yaani kifaa cha kupimia umeme, hauko kwenye tundu la ampea kabla ya kugusa betri. Ondoa betri, kisha utoe umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa ya bodi (kipuri kinachohifadhi umeme) kwa kutumia rezista (kipuri kinachopunguza mkondo), wala usitumie bisibisi. Kama mota ni ya kaboni, yaani vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme, angalia kwanza urefu wa kaboni hizo na kama springi zake bado zinasukuma. Mota isiyo na kaboni ndiyo inayohitaji uvumilivu, kwa kuwa inaendeshwa na mosfeti sita, yaani swichi ndogo za kielektroniki, zinazofanya kazi mbili mbili, moja ikielekea upande chanya wa betri na nyingine upande hasi.

Hapa ndipo nilipoumia. Niliwahi kupokea drili ya seremala iliyokuwa imekufa ghafla katikati ya kazi, na nilipopima nikakuta mosfeti moja imepata shoti. Niliitoa, nikaweka mpya ya aina ileile, nikakagua lehemu kwa kioo cha kukuzia, kisha nikachomeka betri iliyojaa na kubonyeza swichi. Kulitokea mwako mweupe na mlio kama wa fataki, kipande cha moto kikanichoma kidole, na moshi ulipotoweka nilikuta mosfeti tatu zimepasuka na njia za shaba zimebanduka kwenye bodi kiasi cha kutorekebishika. Zana iliyohitaji kipuri kimoja au viwili sasa ilihitaji bodi nzima, na mwenyewe alikuwa akiisubiri ili arudi kazini. Sijasahau uso wake nilipomweleza.

Kosa langu lilikuwa kudhani kuwa mosfeti hufa peke yake. Inapopata shoti, umeme wa betri unaweza kupenya hadi kwenye geti yake, yaani mguu unaoiwasha na kuizima, na kuiharibu chipu inayoendesha mageti, na chipu iliyoharibika inaweza kuziwasha mosfeti ya juu na ya chini kwa wakati mmoja, yaani kuunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Betri ya lithiamu haina huruma katika hali hiyo, kwa kuwa inaweza kumwaga zaidi ya ampea 100 kabla hujaondoa kidole kwenye swichi.

Kwa hiyo pima mosfeti zote sita kwa kipimo cha dayodi cha malti mita, kutoka kila waya wa mota kwenda chanya na kwenda hasi, na ulinganishe usomaji. Njia tatu za upande mmoja zinapaswa kufanana, na yoyote inayokaribia sifuri ni mbovu. Linganisha pia mageti, rezista zake na chipu yake. Kisha, na hili nalisisitiza kuliko yote, usiiwashe bodi mara ya kwanza kwa betri iliyounganishwa moja kwa moja bila kizuizi. Tumia chanzo cha umeme chenye kikomo cha ampea 1, au pitisha waya chanya wa betri kwenye balbu mbili za gari za volti 12 na wati 21 zilizounganishwa kwa mfululizo. Balbu zikimeta kidogo na kuzima, hiyo ni kapasita inajaa. Zikiwaka kabla hujagusa swichi, ondoa umeme mara moja na urudi kupima. Mota ikizunguka kwa ulegevu au bodi ikijizima ukibonyeza, usiogope, kwa sababu balbu zimeinyima nguvu.

Kama ni grinda au msumeno, toa diski kabla ya jaribio lolote, kwa kuwa bodi mbovu inaweza kuwasha mota bila wewe kubonyeza chochote. Rudisha pesti ya joto chini ya mosfeti na vanishi juu ya bodi, la sivyo vumbi la chuma litaleta shoti upya. Betri uliyoifungua ichaji mara ya kwanza ukiwa karibu nayo, juu ya sakafu ya saruji, mbali na maranda na petroli. Seli iliyovuja au yenye harufu tamu ya kemikali usiirudishe kwenye zana hata kama inasoma volti nzuri, usiitupe na takataka za kawaida, na funika ncha zake kwa tepu kabla ya kuiweka kando.