Namna ya kupata kibali cha kutafiti samoni na trauti walio hatarini, pwani ya magharibi ya Marekani

Hii ni kwa wale wa kwetu mlioenda kusoma mambo ya samaki Oregon, Washington, Idaho au California, alafu supavaiza anakwambia kirahisi tu "anza mchakato wa kibali" kama anakutuma chumvi dukani. Kama uliwahi kuhangaika na COSTECH ya Tanzania au NACOSTI ya Kenya, zile tume za vibali vya utafiti, weka pembeni ulichojifunza kule. Kule unaombea ruhusa ya kufanya utafiti ndani ya nchi. Huku unaombea ruhusa ya kumgusa samaki, basi, na anayesoma ombi lako anataka kujua utawagusa wangapi na wangapi watakufia mkononi. Ukishika hilo, fomu yote inakaa sawa.

Msingi wake ni Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya 1973. Inakataza kuua, kujeruhi, kukamata, kukimbiza, hadi kusumbua, na hilo la kusumbua lisikupite hivi hivi, maana hata ukivaa miwani ya maji ukaelea juu ya kidimbwi unahesabu vifaranga kwa macho tu bila kumgusa hata mmoja, hiyo nayo inahesabiwa na ina safu yake kwenye fomu. Najua kwa mtu wa Nyeri, Kenya, inachekesha, trauti kwetu waliletwa na wakoloni kuanzia 1905 ili wazungu wapate kuvua kwa starehe, na yule trauti wa Kiganjo, hapo hapo Nyeri, ni spishi ile ile moja na stilihedi, ambaye ni trauti anayeshuka baharini kukua alafu anarudi mtoni kuzaa. Ila huku ndio kwao na hali yao ni mbaya. Mwaka 1992 sokai (aina ya samoni) aliyefika ziwa Redfish kule Idaho alikuwa mmoja tu, dume, watu wakambatiza Lonesome Larry.

Haya, kazi yenyewe. Kabla hujafungua hata tovuti, jua kwenye mto wako wako nani. Samoni hawaorodheshwi kwa spishi nzima, wanaorodheshwa kwa kundi, yaani mto gani na wanapanda msimu gani. Kwa hiyo Chinook (aina nyingine ya samoni) wa masika wa Columbia ya juu wako kwenye daraja la juu kabisa la hatari, Chinook wa Puget Sound wako daraja la chini yake la wanaotishiwa, na kuna Chinook wengine hawako kwenye orodha kabisa. Pwani nzima ya magharibi kuna makundi 28 ya samoni na stilihedi yaliyoorodheshwa. Unaweza kuwa unamtafiti samaki mwingine kabisa, hata wa kawaida asiye na kesi, lakini kama wavu wako utazoa na koho, samoni wa aina nyingine, waliolindwa, kibali unahitaji. Hapa wengi wanajikwaa, wanaandika utafiti wangu hauhusu samoni. Wavu haujui utafiti wako unahusu nini.

Alafu angalia mwenye mamlaka. Samoni na stilihedi, wale wa kwenda baharini na kurudi, wako chini ya NMFS, idara ya uvuvi iliyo ndani ya NOAA, taasisi ya serikali kuu ya Marekani ya bahari na hali ya hewa. Bull trout na trauti wengine wa maji baridi wa ndani wako chini ya idara ya samaki na wanyamapori, ile FWS. Mto ukiwa na wote wawili unaomba sehemu mbili, hakuna njia ya mkato.

Sasa njia. Kama samaki wako wote wako daraja la wanaotishiwa tu, kuna njia ya kifungu cha 4(d) cha sheria ile ile, ambayo inapitia idara ya samaki ya jimbo, jimbo linakusanya maombi ya watafiti na NMFS inayapitisha, na ruhusa yake ni ya mwaka wa kalenda, mwakani unaomba tena. Kama kuna hata kundi moja la daraja la juu, mfano sokai wa Snake River au Chinook wa majira ya baridi wa Sacramento, 4(d) haikusaidii, unaenda kifungu cha 10(a)(1)(A). Hiki ni kirefu zaidi, lakini kinaweza kukupa hadi miaka mitano. Kwa mtu wa PhD mimi ningeenda na cha miaka mitano hata kama kinauma mwanzoni, kuliko kila mwaka kurudi foleni.

Maombi ya NMFS yanajazwa mtandaoni kwenye mfumo unaitwa APPS. Sehemu za maelezo (lengo, kwa nini samaki hawa na sio wengine, nani anafadhili, CV za watu watakaoshika samaki) ziandike kwa lugha nyepesi, usimwage literature review ya kurasa nane, anayesoma ni mwanabiolojia mwenye mafaili mengi mezani. Nguvu zako zipeleke kwenye jedwali la samaki.

Kila mstari wa jedwali ni kundi moja, umri mmoja, asili moja (wa mtoni au wa kutotoleshwa kituoni), tendo moja. Tuseme unafanya kazi kwenye kijito kinachoingia Klamath, mto wa Oregon na California, ambako mabwawa manne yalimalizika kubomolewa 2024 na sasa kila mtu anataka kujua samaki wanapanda hadi wapi. Mstari wako utasema: koho wa kundi la kusini mwa Oregon na kaskazini mwa California, vifaranga, wa asili, kukamata na kushika na kuachia, kwa wavu wa kuvuta, idadi 400, vifo visivyokusudiwa 8. Ukitaka 100 kati ya hao uwatie chipu ya kuwatambua na ukate kipande cha pezi kwa ajili ya jeni, huo ni mstari mwingine, maana tendo limebadilika. Wa kutotoleshwa nao mstari wao, na hapa unaangalia kale kapezi kadogo kalikokaa mgongoni karibu na mkia. Kakiwa kamekatwa, huyo ametoka kwenye kituo cha kutotoleshea. Kakiwepo, usikimbilie kusema ni wa asili, kuna wa vituoni wanaoachiwa nako, ndio maana fomu inawatenganisha.

Sasa hiyo 8. Watu wanaogopa kuandika vifo, wanaweka sifuri ili waonekane watu wazuri. Ukiandika sifuri na akafa mmoja, umevuka kibali siku hiyo hiyo. Ukiandika asilimia 20 watakuuliza unawakamata na nini, baruti? Chukua rekodi za waliofanya kazi kwa njia hiyo hiyo kwenye mto wa aina hiyo hiyo, ongeza kidogo, na ueleze kwenye maandishi umeipataje. Na usiombe samaki 5,000 kwa sababu tu unaona bora zaidi, maana wanajumlisha vifo vya watafiti wote kwa kila kundi, ukiomba kingi unawabania wengine na wewe mwenyewe unarudishiwa maswali.

Kama utatumia mashine ya shoti ya kubeba mgongoni, ile ya kuwazubaisha samaki kwa umeme ili uwakamate, soma mwongozo wa NMFS wa mwaka 2000 mstari kwa mstari. Umeme ni DC tu, ya moja kwa moja au ya mapigo, unaanza na volti ya chini ndio unapanda taratibu, hupigi shoti maji yakizidi nyuzi 18 za selsiasi, na kiongozi wa timu awe na masaa yasiyopungua 100 ya kazi hiyo. Huna mtu wa masaa hayo? Mtafute kabla ya kuomba, ama badilisha njia.

Wakati huo huo, usikae unasubiri NMFS peke yake. Jimbo lina kibali chake cha kukusanya samaki, chuo kina kamati ya ustawi wa wanyama, na kama mto unapita ardhi ya kabila, kwa mfano Wayurok kwenye Klamath, unaenda kuongea nao mapema kama mgeni mwenye adabu, sio kuwatumia barua wiki moja kabla ya kuingia majini. Wana wanabiolojia wao na wanaujua huo mto kuliko prof wako.

Kusubiri ndiko kunakouma. Ombi la kifungu cha 10 linatangazwa kwenye gazeti la serikali, Federal Register, wananchi wanapewa siku 30 kutoa maoni, alafu NMFS wenyewe wanaandika tathmini kama utafiti wako na wa wenzako utahatarisha kundi lile. Ukitaka kuingia mtoni kiangazi, anza kuandika kiangazi cha mwaka uliopita, na ukipigiwa simu na mchambuzi jibu siku hiyo hiyo, faili lililokwama linakwama kwa mwombaji mara nyingi kuliko kwa ofisi.

Kibali kikija, soma masharti, alafu yasome tena na timu yako yote, maana akikosea kibarua anayebanwa ni mwenye kibali. Nakala itembee nanyi mtoni. Asubuhi kitu cha kwanza ni kipimajoto ndani ya maji, kabla hata ya kukunjua wavu. Maji yakipita nyuzi 21 humshiki kifaranga, unaruhusiwa kumtambua na kumhesabu kwa macho tu. Kwenye ndoo weka maji baridi yenye hewa, wachache wachache, wakubwa usiwachanganye na wadogo wasije wakaliwa, na uliyemlaza kwa dawa humrudishi mtoni mpaka akae wima na kuogelea mwenyewe. Sindano ya chipu inasafishwa kwa kila samaki. Umenasa mkubwa wakati unatafuta vifaranga? Mwachie hapo hapo, hata picha sahau.

Weka karatasi ya kujumlisha kila jioni, sio mwisho wa msimu. Ukiona mwezi wa saba umeshafika samaki 350 kati ya 400, simamisha na uombe marekebisho, vivyo hivyo ukitaka kubadilisha eneo au njia, idhini kwanza. Ukivuka namba, bahati mbaya au la, unawaambia NMFS ndani ya siku mbili, kwa simu au barua pepe, na unaeleza ilikuwaje. Ripoti ya mwaka inaingia kwenye APPS kabla ya Januari 31, mstari kwa mstari kama ulivyoomba, na hata kama mwaka mzima hukuingia majini unaijaza tu, sifuri kila safu.