Kusafisha picha nyumbani: kutoka chumba cha giza hadi fremu ukutani

Picha nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri kwa mkono inaweza kuishi kuliko aliyeipiga. Ikiharibika mapema, kwa kawaida chanzo ni kitu ambacho jicho halikukiona siku ile: mwanga uliopenya, fiksa (dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) iliyobaki ndani ya karatasi, au asidi ya kadibodi iliyowekwa nyuma ya fremu. Hivyo ndivyo vitu nitakavyovifuatilia zaidi hapa. Picha za rangi zina utaratibu wake, na sikushauri uanzie huko.

1. Ziba mwanga

Bafu hufaa kwa sababu maji yapo na sakafu yake haiharibiki ukimwaga kitu. Stoo isiyo na dirisha nayo inatosha; maji utabeba kwa ndoo na kusuuza picha kwingine. Ziba dirisha kwa ubao au plastiki nyeusi nzito iliyokunjwa mara mbili, na mlangoni ning'iniza pazia zito linaloburuza chini.

Kisha ingia mchana, jua likiwa kali, funga mlango na ukae dakika kumi bila kuwasha chochote. Macho yakizoea, matundu yatajionyesha yenyewe: la ufunguo, upenyo chini ya mlango, taa ndogo ya hita. Ziba moja baada ya jingine. Ukishika karatasi nyeupe mbele ya uso usiione, giza limetosha.

Hewa lazima izunguke, maana dawa hizi zina mvuke unaochoma pua. Bomba lenye kona mbili, lililopakwa rangi nyeusi ndani, hupitisha hewa na kuuzuia mwanga.

2. Tenga upande mkavu na upande wa maji

Mashine ya kukuzia (inayomulika picha kubwa kwenye karatasi), karatasi na negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, zikae upande mmoja. Trei zikae upande wa pili. Chumba kikiwa chembamba, simamisha ubao katikati. Tone moja la fiksa kwenye karatasi ambayo haijatumika huacha doa jeupe lisilofutika, kwa hiyo kausha mikono kila unapovuka.

3. Ipime taa nyekundu kabla ya kuiamini

Hatua hii watu wengi huiruka, halafu wanashangaa kwa nini weupe wa picha zao umefifia. Karatasi nyingi za picha husikia mwanga wa bluu na kijani, ndiyo maana taa nyekundu inatumika. Lakini si kila balbu nyekundu ni salama, hasa ile iliyopakwa rangi tu. Kuweka sarafu juu ya karatasi chini ya taa hiyo hakutoshi, kwa sababu karatasi isiyoguswa na mwanga bado ni nzito kuitikia. Ikishapata mwanga kidogo huwa nyepesi zaidi, na hapo ndipo taa mbovu huiharibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima taa nyekundu. Katika giza kamili, imulike karatasi kwa mashine ya kukuzia, lenzi ikiwa imebanwa (tundu lake limepunguzwa), kwa muda utakaotoa kijivu hafifu tu ikisafishwa. Jaribu kwa vipande mpaka uupate muda huo. Mulika kipande kipya kwa muda uleule, kiweke pale trei ya kwanza ilipo, weka sarafu juu yake, washa taa nyekundu na usubiri dakika nane. Zima taa, kisafishe gizani. Ukiona duara la sarafu limebaki jeupe zaidi kuliko pembeni, taa si salama: isogeze mbali, punguza nguvu yake, au ibadilishe.

Filamu yenyewe husikia rangi zote. Ukiiingiza kwenye tangi lake la kusafishia, hata taa nyekundu iwe imezimwa.

4. Panga dawa

Trei tatu kwa mfuatano: divelopa (dawa inayoitokeza picha), dawa ya kusimamisha (inayoikatisha kazi ya divelopa), fiksa. Ya nne ina maji safi. Joto liwe nyuzi 20 za Selsiasi, au karibu na hapo bila kupandapanda; divelopa ikipoa, picha hutoka hafifu. Vipimo vya kuchanganya fuata kibandiko cha chupa. Asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Vaa glavu, tumia kibanio cha peke yake kwa kila trei, na chombo kilichoingia dawa kisirudi jikoni.

5. Tafuta muda wa mwanga

Weka negativu upande wake usiong'aa ukitazama chini. Fungua lenzi yote, rekebisha mpaka chembe za filamu zionekane kali, kisha ibane hadi alama ya f/8. Chukua ukanda wa karatasi, uufunike kwa kadi nyeusi na uisogeze kila baada ya sekunde tano. Utapata ngazi za sekunde 5, 10, 15, 20. Usafishe muda wote unaotakiwa, hata ukiuona unakuwa mweusi. Kuutoa mapema kutakudanganya.

Usiuamue chini ya taa nyekundu. Uutoe kwenye mwanga mweupe baada ya fiksa. Mimi huchagua muda kwa kutazama sehemu nyeupe kwanza: uso, mawingu, shati. Weupe ukishakaa sawa natazama weusi. Ukiwa wa kijivu, naongeza namba ya kichujio; ukiwa umemeza kila kitu, naipunguza. Vichujio vya karatasi za kontrasti badilifu, yaani zinazobadilisha tofauti ya weusi na weupe kulingana na kichujio cha rangi kwenye mashine ya kukuzia, huanzia 00, laini kabisa, hadi 5. Kumbuka pia kwamba karatasi ya nyuzi, isiyo na utando wa plastiki, hukoza kidogo ikikauka, kwa hiyo picha iliyo kamili ikiwa bado mbichi itakuwa nzito kesho.

6. Safisha, na suuza kwa subira

Karatasi yenye utando wa plastiki: divelopa dakika moja hadi moja na nusu, kusimamisha sekunde 15, fiksa ya haraka dakika moja, kusuuza dakika nne. Tikisa trei taratibu muda wote. Anza na hii.

Karatasi ya nyuzi ni nzuri zaidi, nami ndiyo ninayoipenda, lakini hunywa dawa kama sifongo. Fiksa huondoa chumvi za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga, jambo ambalo John Herschel aliligundua tangu 1819. Ikibaki ndani, salfa yake huishambulia fedha ya picha na kuleta umanjano na madoa ya kahawia baada ya miaka. Isuuze saa nzima kwa maji yanayobadilika, au pitisha kwanza dawa ya kusaidia kusuuza ili muda upungue.

Fiksa iliyochoka ni mbaya vilevile. Tumbukiza kipande cha filamu isiyosafishwa kwenye fiksa mpya, uhesabu sekunde mpaka kiwe angavu. Siku muda huo ukifika mara mbili, iondoe. Usiimwage shambani wala mtoni, kwani ina fedha. Ipeleke kunakopokelewa taka za kemikali.

7. Tia kwenye fremu

Subiri picha ikauke siku nzima. Nunua kadibodi isiyo na asidi, ya mbele na ya nyuma. Picha ya sentimita 20 kwa 25 iliyosimama hukaa vizuri katika fremu ya 30 kwa 40. Kata dirisha la 19 kwa 24 ili kadi ikamate nusu sentimita kila upande. Kingo za kushoto na kulia zitakuwa 5.5, ya juu 7.5, ya chini 8.5; zikilingana juu na chini, jicho huiona picha kama inateleza. Kata kutoka nyuma, wembe ukiwa mpya na umelala nyuzi 45.

Usitumie selotepu wala gundi. Ishikilie kwa pembe za karatasi, au kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani vilivyopakwa uji wa wanga wa ngano, ukingo wa juu tu. Karatasi hutanuka na kunywea kulingana na unyevu; ukiibana pande zote itakunjamana.

Picha isiguse kioo kamwe. Jelatini yake, utando unaobeba picha, ikipata unyevu hunasa kwenye kioo, na kuibandua ni kuichana. Unene wa kadi ya dirisha ndio unaoacha nafasi hiyo. Nyuma ya picha andika jina na mwaka kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Ziba mgongo wa fremu kwa karatasi nzito ili vumbi na wadudu wasiingie, na bandika vipande vya mpira kwenye pembe mbili za chini ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja, au ulio mgongoni mwa bafu, uache kwa mapambo mengine.