Ukinakili Kristo wa Antonello, chora mkono mara mbili

Anayeanza rangi za mafuta namshauri achukue picha ndogo. Mimi nilichukua Kristo Mwokozi wa Ulimwengu ya mchoraji wa Italia Antonello da Messina, ya mwaka 1465, iliyoko National Gallery, London. Ubao wake haufiki hata sentimita 40 kwenda juu, kwa hiyo unaweza kuinakili kwa ukubwa wake uleule juu ya meza ya kulia chakula.

Kata plaiwudi, ipake jeso (rangi nyeupe ya kuandalia ubao) mara nne, na kila ikikauka ipige msasa laini. Chora kwa penseli nyepesi. Tabaka la kwanza ni kahawia iliyolainishwa kwa tapentaini, nyepesi kama chai ya rangi. Hapo unatafuta mwanga na kivuli tu. Matabaka yanayofuata yaongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, la juu litakauka kabla ya la chini, halafu lipasuke. Na usiharakishe! Uso wangu wa kwanza niliurudia baada ya siku mbili tu, brashi ikazoa rangi ya chini, nikalazimika kufuta wote. Siku hizi nasubiri wiki nzima. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vianike kimoja kimoja nje, maana vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.

Sasa mkono unaobariki, ndio hasa ulionifanya niipende picha hii. Ukiutazama kwa makini utaona mabaki ya vidole vingine vilivyochorwa awali: Antonello aliuchora, hakuridhika, akauchora upya ukimjia mtazamaji. Shingo ya kanzu pia aliihamisha. Basi nawe fanya hivyohivyo. Chora kwanza mkono bapa, uache ukauke, kisha chora wa pili juu yake, vidole vikikujia. Vidole hivyo vinaonekana vifupi kuliko unavyovijua, na macho yatakataa. Pima kwa mpini wa brashi, uamini kipimo. Mimi nilijifunza zaidi kwenye mkono huo kuliko kwenye uso wote.

Kanzu nyekundu imalizie kwa alizarini, rangi nyekundu iliyokolea inayopitisha mwanga, iliyochanganywa na mafuta, nyembamba, ili mwanga wa chini upenye.

Kile kijikaratasi kilichochorwa chini, alichoandikia Antonello jina lake na mwaka, kiandike jina lako na mwaka wako.