Somo: Nguru, wahuu au mzia? Usiangalie mistari

Wakuu, akipandishwa samaki mrefu mwenye mistari ubavuni utasikia "nguru huyo!", kumbe saa nyingine ni wahuu, saa nyingine mzia. Mistari inadanganya jamani, wahuu akishakufa tu inafifia fasta, ukimkuta kwenye barafu amebaki rangi moja.

Hatua ya 1: mgongo. Mzia mapezi yake mawili ya mgongoni yameachana mbali, na kule karibu na mkia hana vile vipezi vidogo vidogo vilivyopangana. Taya la chini limetokeza. Huyo weka pembeni.

Hatua ya 2, hapa ndo penyewe. Tafuta ule mstari mwembamba unaotoka nyuma ya shavu mpaka mkiani. Wa nguru unaenda zake umenyooka, ukifika mwisho wa pezi la pili la mgongo unaporomoka ghafla, wakati wa wahuu unaporomoka mapema, chini ya pezi la kwanza. Huu haufifii.

Hatua ya 3: bado una wasiwasi? Funua shavu. Nguru ana vijimeno vichache kama vya kitana kwenye matamvua, wahuu hana hata kimoja. Ila vidole viwe mbali na mdomo, mi nishachanwa na aliyekufa zamani.

Hatua ya 4: hesabu miiba ya pezi la kwanza, nguru 15 mpaka 18, wahuu 23 mpaka 27.

MASWALI

– Kaka, wangu ana mistari michache, kama 15 hivi, ila mshuko uko kule nyuma.
Nguru mdogo huyo. Akiwa chini ya sentimita 45 hivi mistari haifiki 20, mkubwa ndo anakuwa na 40 mpaka 50.

– Eti wahuu ana mbio kuliko gari?
Inategemea gari lako 😂 Mwaka 1964 walichapisha vipimo, alifika kama kilomita 77 kwa saa, ila ni mchomoko wa sekunde chache tu, hakai nao.

– Mbona chambo changu kinarudi nusu?
Anakata mkia kwanza ili windo lisikimbie. Weka ndoano ya pili nyuma, na ufunge kwa waya, uzi mtupu anaunyoa.

– Mkuu mi nishakata vipande, kichwa na mapezi nimetupa.
Sasa somo ulikuwa unasoma la nini? Haya, angalia kipande cha katikati, mstari umeporomoka au umenyooka?

– Umenyooka.
Basi kama hakuwa mzia, nguru huyo, kaanga.