Maji ya lami yapitishe kwenye ukoka kwanza

Wenye bustani kando ya lami hapa Ngamiani, Tanga: chimbeni mfereji mpana wa kina cha shubiri moja kati ya barabara na matuta, muoteshe ukoka mzito. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo machafu zaidi, yale meusi yenye utando wa oili unaong'aa rangi rangi. Vumbi la matairi na breki hushikamana na mchanga. Ukoka ukiyapunguza maji mwendo, mchanga unatuama. Tope lizoleeni mbali, si kwenye mchicha. (Mchaichai msipande humo, mtu atauchemsha tu.) Mvua za siku hizi zikishuka kwa mkupuo, maji hupita juu ya majani, hapo mfereji hausaidii. Karibu na kisima msichimbe kabisa.