Saladi ya tuna ya kopo ya dakika kumi, kazi kubwa ni kukamua maji

Jamani kuna zile siku unarudi nyumbani saa mbili usiku foleni imekumaliza, unawasha jiko unakuta mtungi wa gesi umekata na watoto wanakuangalia tu. Mi siku hizi sihangaiki, nafungua kabati natoa makopo mawili ya tuna, navuta vitunguu na nyanya, baada ya dakika kumi tunakula. Hii saladi haitaki moto kabisa manake yule samaki ameshaiva, kiwandani wakishalifunga kopo wanalipika kwa joto kali likiwa limefungwa hivyo hivyo, ndo maana linakaa kabatini muda mrefu bila friji na haliharibiki. Na tuna sio kitu cha kigeni, ni jodari, sema tu mwingi wa dukani unasindikwa nje huko, Thailand, Shelisheli, Mauritius.

Mara ya kwanza kuitengeneza ilikuwa Ramadhani. Nikamimina kopo zima na maji yake kwenye bakuli, nikakatia nyanya na mbegu zake, chumvi juu, nikafunika nikisubiri watu wa futari. Adhana inaadhiniwa nafunua bakuli, samaki anaelea. Wifi yangu akanivuta jikoni taratibu akaniambia, "Wifi, kachumbari si unakamua kitunguu? Sasa hii mbona hukukamua kitu?" Basi tangu siku hiyo nimeshika hilo moja, na ndo ninachotaka ushike na wewe, kila kinachoingia kwenye bakuli kiwe kimeachia maji yake kwanza.

Dukani angalia kopo. Kuna tuna ya kwenye mafuta, kuna ya maji ya kawaida na kuna ya maji ya chumvi. Kama saladi ni ya ndimu tu bila mayonezi chukua ya mafuta, inakuwa laini na ladha yake imekolea. Kama utaweka mayonezi chukua ya maji, la sivyo inakuwa mafuta juu ya mafuta inakinaisha haraka. Kopo la kawaida ni gramu 170 au 185 lakini ukishachuja samaki mwenyewe anabaki kama gramu 120 hivi, anatosha watu wawili wenye mkate pembeni. Halafu kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea pale kwenye mshono tupa, usilionje hata kwa ncha ya ulimi, kuna sumu inayoleta ugonjwa wa botulizimu, unaweza usiisikie harufu wala ladha na inaua.

Anza na kitunguu sababu ndo kinachukua muda. Vitunguu maji viwili vya wastani, kata slesi nyembamba kiasi kwamba ukiilaza moja kwenye kibao unaona mbao kwa chini. Nyunyizia chumvi kijiko kimoja cha chai, finyanga kwa mkono kama dakika moja, utaona kinalegea na povu linatoka, kama kitunguu ni chekundu povu lina rangi ya pinki. Suuza maji baridi mara mbili, kamata kiasi kwenye kiganja ukamue mpaka lisidondoke tone. Ukali wote umeenda na maji, kinabaki kitamu na bado kinalia kacha ukikitafuna. Usiruke hii hatua hata kama una haraka.

Nyanya chagua ngumu, mbili au tatu, pasua katikati, toa mbegu na ule ute wake kwa kijiko, kata vipande vidogo. Tango hivyo hivyo toa mbegu. Karoti kwaruza, hoho kata ndogo ndogo, ukikosa hoho endelea tu.

Sasa tuna. Mimina kwenye chujio ile ya chai, chini weka kikombe, bonyeza kwa kijiko pole pole. Utaona vile vipande vinaanza kuachana vyenyewe kama nyuzi, hapo simama, ukizidi kubonyeza inakuwa unga na saladi nzima itakuwa kama chakula cha mtoto. Changanya na mboga kwa kunyanyua kutoka chini, sio kukoroga, weka giligilani, pilipili manga, kipande cha pilipili mbuzi kama walaji wanaiweza, kisha kamulia ndimu moja mwisho kabisa mnapokaribia kula. Ndimu ikikaa sana inavuta maji ya nyanya tunarudi kule kule. Chumvi onja kwanza ndo uongeze, kitunguu kimebaki nayo na kopo lina yake.

Ukiwa na parachichi lililoiva lakini bado limekaza kata liweke juu bila kuchanganya, hapo hata mayonezi haihitajiki. Kwa dagaa wakubwa wa kopo, sadini, njia ni ile ile na miiba usihangaike kuitoa, imelainika kabisa na ina kalsiamu nzuri kwa watoto, ila wale wa sosi ya nyanya waache kwa ugali, kwenye saladi hawakai vizuri. Siku gesi ipo nachemsha mayai mawili na viazi, hiyo inakuwa chakula kamili cha kubeba kazini.

Sisi tunakula na mkate wa boflo au tunaijaza kwenye chapati za jana tunakunja. Ikibaki weka kwenye kontena lenye mfuniko ndani ya friji, imalize kesho yake, na samaki usimwache ndani ya kopo lililofunguliwa. Ikikaa nje kwenye joto hili la Dar zaidi ya saa mbili usimpe mtu.

Na kama ilikuwa ya mafuta, yale yaliyodondokea kikombeni usiyamwage, funika weka friji, kesho mtungi ukiletwa kaangia kitunguu cha wali.